Sisi wa Nyuma ya Shuka

Mwezi uliopita nilipanda lori kutoka Kasongo kwenda Kabambare kumwona shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi, watu tisa, na kati yetu walikuwamo vijana wawili waliokuwa wametoka kuona sinema Kindu. Walibishana kutwa nzima. Mmoja alisema yule mwenye farasi alikuwa mpumbavu kumwacha adui yake aende zake. Mwenzake akasema huo si upumbavu, ni huruma, na mtu asiyejua huruma asipoteze pesa yake kuingia sinema.

"Huruma gani?" akasema wa kwanza. "Ule mutu alisahau risasi nyumbani. Ndiyo sababu hakupiga."

Tulicheka wote, hata mama mmoja ambaye hakuiona hiyo sinema na alikuwa ameshachagua upande wake tangu asubuhi. Mimi nilicheka, lakini sikuchangia neno. Nilikuwa na sinema yangu kichwani, na ndani yake jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Wewe nakuambia sasa. Nivumilie nikisitasita: ukurasa huu nimeuandika mara nne na kuuchana mara nne, kama ninavyofumua mshono ambao mteja mwenyewe ameshaukubali.

Nilipokuwa mtoto, gari la sinema lilifika Kasongo mara moja au mbili kila kiangazi. Lilisimama kwenye uwanja karibu na ofisi ya serikali. Watu wa gari walisimamisha milingoti miwili, wakafunga kati yake shuka kubwa nyeupe, wakawasha mtambo wa umeme ulionguruma hata usisikie jirani yako akikohoa. Mfasiri alisimama juu ya gari na kipaza sauti, akatueleza kwa Kiswahili kile tulichokuwa tunakiona.

Wanaume walikaa mbele ya shuka, upande wa gari. Wanawake wa mtaa wetu wa Waislamu, pamoja nasi watoto, tulikaa nyuma yake. Sijui nani aliamua. Nadhani siku ya kwanza kabisa bibi zetu walifika, wakaona wanaume wamejaa upande ule, wakazunguka bila kuuliza. Picha ilipenya kitambaa vizuri, na ili ipenye zaidi tulibeba maji katika vibuyu na kuirushia shuka mpaka ikalowa. Bado nakumbuka harufu yake, pamba mbichi na vumbi, na matone yaliyoshuka kwenye nyuso za watu wa sinema kama jasho.

Lakini sinema yenyewe ilikuwa nusu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa asubuhi yake, kwenye baraza ya bibi, mama yake baba. Wanawake walikuja na kazi zao: huyu anapepeta mchele, yule anachambua sombe, majani ya muhogo, jirani yetu muuza vitumbua anakaanga palepale ili asipitwe na neno. Hawakuulizana kama sinema ilikuwa nzuri. Waliwahukumu watu waliokuwamo, mmoja mmoja, kama wakazi wa mtaa. Yule mke aliyeosha mtoto kwa sabuni nyingi hivyo, mumewe anapata wapi sabuni? Yule mgonjwa aliyekataa dawa, nyumbani kwake hakuna mkubwa wa kumkemea? Muuza vitumbua aliwahi kumsusia mganga mmoja wa sinema msimu mzima kwa sababu aliingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Kazi yangu ilikuwa kukumbuka. Walipobishana juu ya nani alitangulia kusema au mbuzi walikuwa wangapi, bibi alinigeukia. Kwa hiyo niliangalia sinema kama mtu anayepimwa. Nilihesabu kila kitu, na kabla ya kulala niliyarudia yote tangu mwanzo; nikikosa kipande kimoja nilianza upya. Hata leo najua haikuwa akili, ilikuwa hofu. Niliogopa siku moja bibi atageukia mtoto mwingine.

Sasa, mwaka mmoja walikuja wazungu wawili na mashine ya miguu mitatu kupiga picha za kilimo cha mchele. Walimchagua karani wa mizani, kijana aliyepima magunia kwenye ghala la mazao, awe ndiye mkulima mwema wa sinema. Karani huyo alikuwa amemposa shangazi yangu. Bibi alikuwa amekwisha kuipokea posa, na shangazi alikuwa ameanza kuimba akitwanga, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Mara mbili nilimkuta amesimama nyuma ya ua saa ambayo karani hupita kutoka kazini. Hawakusemezana. Alimwona tu akipita, akarudi ndani.

Kiangazi kilichofuata gari lilirudi na sinema ile. Mtaa mzima ulikwenda, isipokuwa shangazi: msichana aliyeposwa hatoki kumtazama mchumba wake mbele za watu. Karani alitokea kwenye shuka, mkubwa kama nyumba. Wanawake walipiga vigelegele. Alivuna mpunga, akamkaribisha mgeni, akaketi mkekani kula. Hapo vigelegele vilikatika. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto.

Utauliza mbona hatukushangaa zamani. Tulishawaona watu wengi wa sinema wakipeana mkono wa kushoto na askari wakipiga saluti kwa kushoto. Tulisema ndiyo desturi ya kwao. Kila nchi na mambo yake. Lakini karani hakuwa wa kwao. Alisoma chuo kimoja cha Kurani na baba zetu.

Asubuhi barazani hakuna aliyepepeta wala kukaanga. Bibi aliniita niketi mbele yake.

"Mutoto yangu, wewe unaangaliaka vizuri. Alikula na mukono gani?"

"Ya kushoto, bibi. Matonge tatu."

Nilijivuna kwa yale matonge matatu. Wengine waliona mkono tu. Mimi nilikuwa na hesabu. Muuza vitumbua akasema macho ya mtoto huyu ni mizani kushinda ile ya ghalani. Nyuma ya mlango kinu cha shangazi kilinyamaza.

Mambo yakaenea nyumba hadi nyumba. Wanaume waliokaa mbele waliapa kwamba karani alikula kwa kulia kama mtu yeyote. Wake zao wakasema wanaume walikuwa wanaangalia sahani, si mkono. Baba, alipobanwa, alikiri kwamba yeye aliangalia mchele, maana ulikuwa mweupe ajabu. Mwalimu wa chuoni akashauri kijana aitwe, ale mbele ya bibi. Akaitwa. Akala kwa kulia, taratibu, jasho likimtoka puani. Alipoondoka bibi alisema mtu akitazamwa hula vizuri. Muuza vitumbua akamkumbusha kwamba hata kwenye sinema alikuwa anatazamwa, tena na wazungu wawili. Bibi hakucheka. Lakini alikuwa mwanamke wa haki, akasema gari limekwenda Kabambare na Wamaza, litapita tena hapa kabla ya mvua. Ataangalia mara ya pili, ndipo atoe jibu.

Tukangoja. Shangazi hakunisusa; alinisuka nywele kama kawaida, ila mikono yake ilikuwa mizito. Nilitamani anifinye.

Gari liliporudi nilikuwa na shida nyingine ya siri. Nilikuwa najifundisha kusoma mwenyewe, kwa herufi za magunia na karatasi za sabuni, na mara ya kwanza maneno yaliyotangulia sinema yalikuwa yamenikataa kabisa. Nilidhani nimesahau kusoma. Safari hii nikataka kuyaona kwa karibu. Nikatambaa hadi kwenye mlingoti, nikachungulia upande wa wanaume, na herufi zikakaa sawa, moja moja, kama za gunia. Nikarudi nyuma: zikaharibika. Nikaenda mbele: zikapona.

Sikuelewa upesi. Nilielewa karani alipoketi kula. Mbele ya shuka alikula kwa kulia. Nyuma ya shuka, tonge lilelile, kwa kushoto. Nilisimama pale mlingotini nikipeleka kichwa huku na huku. Tonge la tatu lilipofika mdomoni nilikimbia nyumbani, nikajifunika mkeka.

Asubuhi bibi aliuliza tena mbele ya wote. Wanawake wengine walikuwa wameshasema: kushoto, kama mara ya kwanza. Akanigeukia mimi wa mwisho, kwa heshima, kama anayesubiri mhuri. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilijiambia si uongo. Kwa upande wetu ndivyo ilivyoonekana. Lakini nilijua. Niliogopa macho ya baraza nzima yakigundua kwamba mizani yao imepotoka.

Siku hiyohiyo bibi alirudisha posa.

Nilikaa siku sita. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi muuza vitumbua alinipa kitumbua cha bure, nami nikala. Siku ya sita, tukichagua mawe kwenye mchele, watu wawili tu, nilimweleza bibi: shuka ina pande mbili, na kulia kwa mbele ni kushoto kwa nyuma. Nilichukua jani, nikalichora kwa kijiti na kuligeuza kwenye mwanga ili aone. Akalichukua, akaligeuza mwenyewe.

"Ulikuwa unatudanganya?"

"Hapana, bibi. Nilisema vile niliona."

"Basi ni sisi wote tulikosea," akasema. Halafu akauliza, "Na huko mbele ulienda kuona lini?"

"Jana, kwa majani," nilijibu haraka, nikitaka aamini kwamba nilipata wazo jana tu, kwa kucheza na majani. Maneno yalitoka tayari yameshonwa, kana kwamba niliyaandaa. Hakuuliza zaidi.

Akajifunga kitambaa chake cha safari, akatoka peke yake kwenda kwa kina karani. Bibi yangu hakuwahi kwenda nyumbani kwa mtu kuomba radhi. Watu walitoka milangoni kumtazama. Alirudi kabla jua halijawa kali. Karani alikuwa ameomba ahamishwe tangu posa iliporudishwa, naye alikuwa ameondoka siku mbili zilizopita na lori la kwenda mbali, upande wa Salamabila. Mama yake hakuwa na maneno mabaya. Alimpa bibi maji ya kunywa, akasema mtoto amekwisha kwenda.

Siku mbili. Hesabu unaijua kama ninavyoijua mimi. Ningesema siku ya kwanza, au ya pili, au ya tatu, angekuwa bado nyumbani.

Kiangazi kilichofuata bibi aliwaongoza wanawake wote wakakae mbele, ubavuni mwa wanaume. Nyuma ya shuka hakubaki mtu. Shangazi aliolewa Kabambare na mtu mpole mwenye shamba na cherehani. Ni huyo mumewe aliyenifundisha kushika mkasi, na ndiyo kazi ninayoifanya Kindu hadi leo. Sina la kumlaumu mtu. Bibi alifariki mwaka juzi akiamini ile "jana" yangu. Muuza vitumbua amehamia kwa mwanawe. Nilipopita Kasongo nilikuta baraza imefagiliwa na haina watu, na sinema sasa huonyeshwa ndani ya nyumba, ukutani. Watu hutoka wakisema ilikuwa nzuri, wanakwenda kulala. Nawasikia na nashindwa kujua walimwona nani humo ndani.

Kabambare nilimkuta shangazi uani anatwanga sombe. Nilimwambia kabla sijanywa maji, nikiwa bado na vumbi la njia, kwa sababu nilijijua: nikioga nitaahirisha. Nilimwambia yote, na kile nilichomjibu bibi.

"Siku sita?" akauliza.

"Sita, shangazi."

Alitwanga tena kidogo. Watoto wake walipita wakikimbizana, akawaelekeza wakachote maji. Nilingoja anifukuze au anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Hakufanya hata moja. Aliweka mchi chini, akavuta kigoda, akaketi.

"Mimi ile sinema sikuona hata siku moja," akasema. "Ninyi wote muliona. Nieleze. Anzia mwanzo."

Nikamweleza. Nilianza na herufi, nikaja kwenye mpunga, namna alivyoushika kabla ya kukata, kofia aliyoiweka chini ili amsalimu mgeni. Nilieleza kila kitu kwa upande wa mbele, nikigeuza mkono mmoja mmoja kichwani ili nisikosee. Alisikiliza mikono yake ikiwa magotini, kijani kwa sombe. Nikafika mkekani. Alikula tonge la kwanza, la pili, la tatu, kwa kulia.

"Akamaliza kula akafanya nini?"

Mara ya kwanza wanawake walisimama kwa hasira wakaniziba. Mara ya pili nilikuwa nimeshakimbia. Barazani hakuna aliyewahi kuuliza.

"Sijui, shangazi," nikasema. "Hapo sikuona."

Aliendelea kunitazama kidogo, labda nitakumbuka. Kisha akainuka, akachukua mchi wake.