Nusu Hapa, Nusu Kule

Harufu ya mkate wa brauni ulio bado moto ndani ya mfuko wa plastiki hunifanya nigeuke nyuma, nione nani ananitazama. Sentensi hiyo nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi; mnivumilie, ndivyo nilivyo.

Tuliishi South Beach, Durban, ghorofa ya juu, sebule imegawanywa kwa mapazia. Jengo liliruhusu watu wanne kwa kila nyumba. Sisi, pamoja na Tonton Bahati, ndugu wa Papa, na familia yake waliotoka Bukavu, tulikuwa tisa. Papa alinifundisha jibu moja: "Ukiulizwa, sema tuko wanne. Hata mchungaji akiuliza."

Mlango wa pili aliishi bibi wa Kiitaliano. Tulimwita Gogo Wanda, kama watoto wa Durban wanavyowaita bibi zao. Kila niliporudi kutoka dukani mlango wake ulifunguka kidogo, na macho yake yakashuka hadi kwenye mifuko yangu. Siku moja akanishika mkono.

"Mko wangapi kwenu?"

"Wanne, Gogo."

"Mnakula sana." Akanisogelea, ananuka kahawa. "Kijijini kwetu, mwaka 1943, mwoka mikate alikuwa anahesabu. Nunua nusu hapa, nusu kule penye taa za robot."

Nilimpelekea Papa maneno hayo yote. Aliacha kunyoa, povu shavuni.

"Huyu anatuhesabia. Atatupeleka kwa mwangalizi wa jengo."

"Ni mzee tu," Mama akasema.

"Wazee ndio wako na muda."

Jumapili ile Tonton Bahati alihamia Isipingo, godoro juu ya gari. Binti yake Neema, niliyelala naye blanketi moja, hakuniaga. Nami sikumsalimu tena Gogo Wanda, mpaka akafa.

Ukubwani, nikijisomesha kwa vitabu vya mitumba, niliufikia mwaka ule wa 1943. Waitaliano walimwondoa kiongozi wao, wakaacha vita, na Wajerumani waliokuwa rafiki zao wakageuka adui na kuiteka nchi. Wanawake vijijini waliwaficha askari waliotoroka, darini na mazizini. Hapo nilifunga kitabu. Anayefichwa lazima ale. Mikate iliyohesabiwa ilikuwa ya nyumbani kwao Gogo Wanda; alikuwa akituonya, si kutuhesabia.

Sasa naishi Queensburgh, peke yangu. Mkate mmoja unanitosha. Bado nanunua nusu duka la chini, na nusu ng'ambo ya robot.