Afisa Aliyenyamazisha Orutu

"Kusitishwa kwa Mkusanyiko wa Muziki Unaoambatana na Uuzaji wa Vyungu Pasipo Kibali." Hivyo ndivyo ilivyoitwa amri aliyokuja nayo afisa mmoja mgeni, Jumamosi, pale Homa Bay. Mkusanyiko wenyewe ulikuwa mpiga orutu mmoja, ile fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, wafinyanzi kutoka Uriri, na mama mwenye sauti kubwa aliyewaleta kwa lori. Wafinyanzi wangerudishwa na vyungu vyao bila kuuza, nani kati yao angekubali kuja tena?

Afisa alipenya katikati ya watu waliokuwa wakicheza, akainua mkono.

"Nyamazisha muziki!"

Orutu ikanyamaza papo hapo. Watu wakamgeukia wakitabasamu, maana kwetu anayesimamisha muziki huwa anataka kujisifu yeye na waliomzaa, na akishajisifu humtuza mpigaji chochote.

"Sema, jaduong', mzee wetu!" yule mama akamhimiza.

"Mimi ni Msaidizi wa Afisa wa Biashara!"

Vigelegele.

"Nimetumwa na makao makuu ya wilaya!"

Vigelegele maradufu.

"Anajua kujisifu huyu," mzee mmoja akanong'ona nyuma yangu, "lakini mbona hamtaji mama yake?"

Wengine wakalidaka swali hilo kwa kelele. Afisa akaitazama amri, akawatazama watu, akaikunja.

"Mama yangu, kule Machakos," akasema, kisha akapaza sauti, "hakuna anayempita kwa kupika maharagwe!"

Uwanja ukalipuka. Mama wa lori akamtia chungu mikononi. "Basi mpelekee hiki, baba."

Nasikia ripoti yake inasema mkusanyiko ulisitishwa. Ni kweli, ulisitishwa hadi mtu alipomaliza kumsifu mama yake. Kisha akanunua chungu, na orutu ikaendelea.