Mkuu Analowa

Mama anayetunza karatasi za marehemu mkuu wa kwanza wa chuo chetu cha ualimu huzianika uani zisiote ukungu, kando ya kahawa yake, akizigeuza mojamoja na kuzisemesha: “Kauka, mzee wangu, kabla Bwana DC hajaagiza uchomwe kwa ukungu huu.”

Jana Mlima Meru ukajifunika ghafla. “Mvua, jamani!” Tukatoka mbio, walimu kwa wapishi, tukijikwaa na kucheka, na kwa mazoea sote tukavamia mkeka wa kahawa.

“Acheni hiyo!” mama alipiga kelele. “Mkuu analowa!”

Tulizibeba karatasi zote. Ukumbini alikumbatia karatasi ya mwisho, akicheka mpaka machozi yakamtoka. Uani, kahawa yake ya msimu mzima ilikuwa ikisombwa na maji kuelekea mferejini.