Naam Niliyoiacha Ujerumani

Haya yalinifika mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilikuwa mcheshi kabla yake.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mtia makaa melini. Shule niliiacha mapema, lakini macho yangu hayakushiba kamwe. Meli yetu ikaharibika Hamburg, tukaambiwa tungoje. Asubuhi moja nikatoka bila kupanga chochote, nikapanda treni, nikateremka kwenye mji ulionipendeza dirishani. Jina lake silitaji.

Sijaona mji kama ule. Nyumba kongwe za kuta nyeupe, na magogo meusi yanaonekana nje, kama fito ambazo fundi alisahau kuzikandika udongo. Ghorofa za juu zimejitokeza njiani hata jirani angempa jirani chumvi dirishani. Vichochoro vyembamba kama vya kwetu Mkunazini, Unguja. Juu ya milango wamechonga maandishi. Mzee mmoja akanionyesha kidole mbinguni, nikafahamu kwamba nao humkabidhi Mungu nyumba zao. Nilizunguka kanisani, sokoni, kwa mtengeneza vinanda, mpaka miguu ikakataa.

Bibi mmoja mjane akanipangisha chumba cha chini. Akanieleza kwa mikono: juu hakuna mtu, juu pamefungwa. Nikavua viatu. Hapo ndipo nilipoitwa.

Ilikuwa sauti ya mama yangu, inatoka juu, kwa jina langu la utotoni ambalo hakuna baharia aliyelijua. Mara moja tu.

Sasa nisikilize. Kwetu tulifundishwa tungali wadogo: jua likishazama, ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka akuite mara ya tatu. Shetani haiti mara tatu. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini nikatazama saa ya ukutani: saa kumi. Saa kumi si alasiri? Si watoto wangali wanacheza? Sikutazama dirishani. Kule, wakati wa baridi, saa kumi jua limeshakwenda zake.

Nikaitika, "Naam, mama!"

Kisha ubao wa juu ukalia, kama mtu aliyeinuka kitini. Bibi mwenye nyumba akaja mbio na taa. Hakunitazama macho, alinitazama mdomo.

Nilirudi Unguja masika, nimechoka kuliko nilivyopata kuchoka. Nikapiga hodi nyumbani. Macho ya mama yalikuwa yameshafunga ukungu.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Mimi mwanao, nimerudi."

Akacheka. "Marahaba, baba, lakini usinichezee. Mwanangu yuko juu tangu kaskazi. Hashuki, hata kula nshamwambia nimechoka. Lakini nikimwita yupo. Yule mtoto aliyekuwa hatulii, leo katulia!"

Akainua uso, akaliita jina lile lile. Nikafungua kinywa. Neno halikutoka. Likatoka ghorofani, kwa sauti yangu mimi: "Naam, mama!"

"Umemsikia?" akasema, uso umemkunjuka kwa raha.

Nikapanda. Hamna mtu. Kitanda changu, vumbi, na harufu ya makaa ya mawe na mbao za kale za mji ule.

Nikashuka. Ningemwambia nini? Nimnyang'anye mwanawe aliyetulia, nimpe mimi? Nikasema nimepotea nyumba.

"Si kitu, baba," akasema. "Nenda. Mama yako atakuwa anakungoja."

Niamini, nilisimama pale mlangoni muda mrefu.

Sasa nimepanga chumba Chwaka. Maneno yote ninayo ila hilo moja. Nikiitwa, nainua mkono, na watu huniona sina adabu. Mjini siendi.

Nawe unayependa kutembea, usiende nchi za watu ukatazama saa, tazama jua. Na ukiitwa na umpendaye, hata sauti iwe tamu vipi, ngoja uitwe tena, na tena. Mama wa kweli hachoki kuita.