Bakora za Mwalimu Silima

Mwalimu Silima wa Jang'ombe alikuwa akipiga. Si kofi la kuonya, la! Akipiga kwa bakora ya mpera mpaka shati lake linarowa jasho, na wazazi wakimpelekea watoto wa tuisheni huku wakimshukuru. Watu wazima wa kidato cha sita, wavulana wenye ndevu na wasichana waliokwisha kuposwa, walipanga foleni ukumbini kwake, viganja vimetandazwa.

"Msingi!" akiwafokea. "Chuo kikuu mnakitaka, na hesabu za sehemu za darasa la tano hamzijui!" Kosa moja bakora mbili. Ukiurudisha mkono nyuma, nne.

Na wakifaulu kweli, tusimdhulumu. Ndiyo maana dada yake, Kidawa, alimpelekea mwanawe Mize wiki sita kabla ya mtihani wa taifa. Mize akitaka kusomea uhandisi, na hesabu ndizo zilizokuwa zikimwangusha.

"Kaka, huyu wako," Kidawa alisema. "Mpige afahamu. Mifupa tu ndiyo unirudishie." Ndivyo mtoto anavyokabidhiwa kwa mwalimu huku kwetu, na hakuna anayeyafikiria maneno yenyewe.

Jumamosi moja asubuhi Silima aliandika ubaoni nusu jumlisha theluthi. Mize akajibu: tano juu ya sita. Sahihi.

"Mwalimu," akaongeza, maana darasani hakumwita mjomba, "jibu nnalijua, lakini kwa nini? Kwa nini tusijumlishe tu namba za chini kama zilivyo?"

Darasa zima likanyanyua vichwa. Kila mmoja alikuwa na swali hilo, na woga ndio uliowafunga midomo.

"Kwa sababu ndivyo ilivyo."

"Lakini kwa nini ndivyo ilivyo?"

Silima alihisi uso ukimwaka moto. Akamchapa ya bega. Mize hakusogea. Ya pili ikampata mgongoni. Ya tatu akaiinua kwa mikono miwili; msichana akajikinga kwa mkono wa kulia, na wote wakausikia mfupa ukivunjika.

Kidawa alikuja na mchi. Kha! Mwanamke mpole vile! Aliupasua ubao, akamgeukia kaka yake, akamtwanga mbavu mpaka akaanguka, na alipoanguka akaendelea. "Mifupa nilikwambia unirudishie! Mifupa, mshenzi we!" Majirani walimtoa kwa nguvu, naye bado anarusha mateke.

Zilipobaki siku kumi na nane kabla ya mtihani, Mize alirudi peke yake, mkono umo kwenye plasta. Silima alikuwa kalala mkekani, mbavu zimefungwa, hata kukohoa hawezi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakumtazama usoni.

"Nshaanza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mtihani nitaufanya. Lakini lile swali bado hujanijibu, na kila ninachosoma kinanikwamia pale pale. Nambie basi, mjomba. Nataka kufahamu tu."

Silima aliitamani bakora, jamani, hata katika hali ile, na mkono haukuinuka.

"Sijui," alisema mwishowe. "Sijui, mwanangu. Na mimi nilipouliza nilipigwa."

Mize, ambaye hakutoa chozi siku aliyovunjwa mkono, alikaa sakafuni akalia.