Gumba la Mama Anande

Mama Anande wa Tengeru hakuwa mtu wa kukosolewa mbele ya ng'ombe wake. Kukamua alikuwa fundi, na alihakikisha majirani wote wanalijua hilo. Basi mundu ulipomkata kifundo cha mkono wa kushoto akikata majani, neva ikashonwa hospitali, alirudi nyumbani akatangaza amepona. Uongo mtupu. Gumba lilikuwa limekufa ganzi.

Daktari alimweleza taratibu: neva ikikatika, kile kipande cha mbele, cha upande wa vidole, hutoa kemikali ya kukilisha na kukiita kipande cha nyuma, nacho huota upya kuifuata, kama milimita moja kwa siku. "Miezi minne, mitano, mama. Usikamue kwanza."

Asikamue! Akamue nani, Lydia? Mkwe wake huyo, mama wa mjukuu wake Princess, alikamua kwa kiganja chote, kama walivyomfundisha chuoni, wakati Mama Anande hukunja gumba na kulibana kwenye chuchu. Akaendelea na zamu yake ya asubuhi, Lydia jioni.

Mwezi wa pili tangu ajikate, chuchu moja ikavimba, maziwa yakatoka na damu. Mama Anande hakutafuta mbali. Akamsema Lydia mbele ya majirani waliofuata maziwa. "Mikono migumu kama mpini. Umeniharibia ng'ombe."

"Nisamehe, mama," Lydia alisema, kichwa chini. Tangu hapo akapigwa marufuku zizini.

Mwezi wa tano gumba likaanza kuchomachoma kama limeingiwa na siafu. Asubuhi moja akalikunja kwenye chuchu nyingine, akahisi. Uvimbe mgumu, mpya, pale pale kiungo cha gumba lake kinapobana. Na Lydia hajamgusa ng'ombe huyu miezi mitatu! Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka.

Akaacha ndoo, akaingia jikoni.

"Mama Princess, ile chuchu niliiharibu mimi. Gumba lilikuwa na ganzi, sikuhisi ninavyobana, nikaficha."

"Najua, mama," Lydia alijibu, akikoroga uji. "Nilikuona umeokota kaa la moto kwa mkono huo, hukushtuka. Ni kabla hujanilaumu."

"Na ukanyamaza?"

"Majirani walikuwepo, mama. Ningekuumbuaje?"

Nje ya geti majirani walishaanza kubisha wakitaka maziwa.

"Njoo usimame nami," Mama Anande alisema. "Nawaambia mwenyewe."