Mkia wa Simba wa Morse Road

Kagabo ni mkia wa simba, na kwa kosa hilo kanisa letu lilimweka benchi la nyuma, lile la mlangoni, wanakokaa waliotengwa. Nilikasirika siku ile na hasira yangu bado haijapoa.

Hapa Columbus, Marekani, nyuma ya maduka ya Morse Road, kuna mwalimu wa Kichina anayefundisha kung fu. Mwaka wao mpya ukifika, wanafunzi wake hucheza simba: watu wawili ndani ya vazi moja la manyoya mekundu. Wa mbele huruka, huchezesha macho ya simba na kupigiwa makofi. Wa nyuma huinama mwanzo hadi mwisho, haoni kitu ila visigino vya mwenzake. Kagabo, mtu wa milima ya Kivu Kusini anayebeba maboksi ghalani wiki nzima, alikwenda pale kunyoosha mgongo. Wakamwambia mgongo wa namna hiyo ndio waliokuwa wakiutafuta.

Mwaka huu simba alicheza kwenye ufunguzi wa duka la vyakula. Mzee wa kanisa, Marcellin, alipiga naye picha, meno yote nje. Vazi lilipovuliwa akatoka Kagabo, jasho likimtiririka, na furaha ya mzee ikaishia hapo. Akamwita kikaoni.

"Bon, Papa Kagabo, ndani ya ile nyama, ile simba, unafanyaka nini? Unaabuduka nani?"

"Ninashikaka kiuno ya mwenzangu, asianguke. Ni ile tu."

Ni hilo tu, jamani. Nilikuwa nagawa chai pale kikaoni. Kikombe cha Mzee Marcellin nilikiruka.

Wakamtenga. Na walijua vizuri kwamba Jumamosi ile binti yake Isimbi anaolewa, na aliyetengwa hamsindikizi bibi harusi. Atubu mbele ya watu, au mjomba Ruta ashike nafasi yake.

"Kama ninatubu kitu haiko zambi," Kagabo akawajibu, "nitakuwa ninadanganya Mungu. Ile sasa njo zambi."

Jumamosi akakaa benchi lake, suti ya kijivu, macho chini. Ngoma na magitaa ya kwaya vikaanza. Lakini wenye hekima wetu walisahau jambo moja: benchi la waliotengwa liko mlangoni, na bibi harusi hana pengine pa kuingilia.

Isimbi aliingia na mjomba wake, akamwachia mkono. Akainama na gauni lake lote, akamshika baba yake kiunoni.

"Papa, simama. Nimekushika."

Kagabo akasimama, wakaanza kutembea. Mzee Marcellin alitazama huku na huku akitafuta wa kuwazuia. Lakini desturi ni desturi: bibi harusi akipita, watu husimama. Kanisa zima lilikuwa limesimama, na yeye mwenyewe ikabidi asimame.